Kuchagua nahodha na viongozi wa timu ya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa walimu wenzangu wa michezo, kwa wazazi na kwa wanafunzi wenyewe, mengine nimeulizwa nikiwa kwenye benchi mechi inaendelea kabisa. Mimi nafundisha sekondari ya kata, ya kutwa, hapa Tanzania, na nimekaa na timu za mpira wa miguu na netiboli kwa miaka mingi, kwahiyo mifano mingi itatoka huko. Sio lazima usome yote, nenda kwenye swali lako, na pale ambapo jibu liko kwenye swali lingine nimekutajia namba.

## Mambo ya mwanzo

1. Nahodha na kiranja wa michezo sio mtu yule yule?

Hapana, ingawa shule nyingi zinawachanganya. Kiranja wa michezo ni wa shule nzima, anapatikana kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi pamoja na kaka mkuu na dada mkuu, anashughulika na ratiba ya uwanja, mechi za madarasa, ufunguo wa stoo, nani afyeke nyasi wiki hii. Anaweza hata asijue kupiga danadana tatu na bado akafanya kazi vizuri sana. Nahodha ni wa timu moja tu na anapatikana ndani ya timu hiyo.

Shida inakuja pale kiranja anapofika mazoezini na beji yake kifuani anaanza kupanga nani acheze. Hilo limalize mapema, waite wote wawili, waambie mbele ya timu mpaka wa kila mmoja unaishia wapi.

2. Nahodha kazi yake hasa ni nini, zaidi ya kuvaa kitambaa?

Sheria za mpira wa miguu zenyewe zinashangaza watu wengi kwenye hili. Zinasema nahodha hana hadhi ya pekee wala upendeleo wowote, ila ana sehemu ya wajibu kwa tabia ya timu yake. Basi, hakuna lingine la kujivunia hapo. Atarusha shilingi na refa, akishinda atachagua goli la kushambulia au kuanza mpira, na tangu msimu wa 2024/25 sheria inataka kila timu iwe na nahodha uwanjani mwenye kitambaa kinachomtambulisha.

Kwa timu ya shule kazi kubwa iko nje ya zile dakika za mechi. Kuhesabu mipira kabla haijarudi stoo. Kujua nani hajaja leo na kwanini. Kukunong'oneza kwamba fulani kifundo kimevimba ila anaficha kwa sababu anaogopa kukosa mechi ya Jumamosi. Kumchukua mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuja mazoezini na viatu vya kuazima na kumuonyesha asimame wapi. Neno nahodha lenyewe limetoka baharini, ni wa jahazi, na nahodha wa jahazi anabeba jukumu la chombo, shehena na mabaharia, hata lile jahazi asipolimiliki yeye.

3. Timu moja inahitaji viongozi wangapi?

Nahodha mmoja, msaidizi mmoja, na mtunza vifaa. Watatu wanatosha. Nimeona timu ina nahodha, msaidizi wa kwanza, msaidizi wa pili, katibu, mhamasishaji, mpaka nusu ya kikosi wana cheo na hakuna anayebeba jagi la maji. Wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mtunza vifaa usimdharau hata kidogo. Kwa shule yenye mipira miwili na seti moja ya jezi, huyu mtoto akizembea hamna timu. Mimi huwa namchagua kwa umakini uleule wa nahodha, na mara kadhaa ndio amekuja kuwa nahodha mwaka unaofuata.

4. Tuchague lini?

Usichague wiki ya kwanza shule inapofunguliwa Januari. Hujawaona bado, wengine wamehama, wengine wamerefuka likizo nzima wakabadilika hata tabia. Mimi naacha wiki nne mpaka sita za mazoezi bila nahodha, kila siku anaongoza mtu tofauti, alafu Februari mwishoni au Machi mwanzoni ndio tunachagua. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, inaanzia shuleni inapanda kata, wilaya, mkoa mpaka taifa, na kule taifa kwa kawaida inaangukia Juni, kwahiyo ukichelewa mpaka Aprili unaenda kwenye mechi za ushindani na nahodha ambaye hata sauti yake timu haijaizoea. Kwa walimu wa msingi na UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hesabu ni hiyohiyo.

## Nani anafaa

5. Si apewe tu mchezaji bora?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote na ndilo nililokosea mwenyewe, kwahiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mwaka mmoja nilimpa kitambaa mshambuliaji wetu. Mtoto alikuwa anafunga karibu kila mechi, watu walikuwa wanakuja uwanjani kumwangalia yeye, na mimi sikufikiria mara mbili. Tukafika mechi ya kata, tuko sare, tukapata penalti, akaichukua yeye, akakosa. Akavua kitambaa akakitupa chini akakaa pale pale kwenye eneo la penalti, kichwa kwenye magoti. Wenzake kumi wakasimama wanamwangalia, hakuna anayejua afanye nini, na wale wengine wakaanza mpira wakatufunga. Watu walimlaumu mtoto. Mimi najua kosa lilikuwa langu, maana ana miaka kumi na sita nimembebesha magoli na nimembebesha na watu, alafu siku magoli yamekataa, na watu nao wamebaki bila mtu.

Sisemi mchezaji bora hafai. Mbwana Samatta alikuwa ndio jina kubwa kuliko yote nchini alipopewa unahodha wa Taifa Stars mwaka 2016. Ninachosema ni kwamba ubora wa mguu ni jambo moja na kubeba watu ni jambo lingine, uyapime tofauti. Jiulize hivi: huyu mtoto siku amecheza vibaya anakuwaje? Siku akicheza vizuri kila mtu ni kiongozi.

Ila kuna mpaka upande wa pili pia. Usimpe mtu ambaye hana uhakika wa kuanza, maana nahodha wa benchi kila wiki anapata tabu ya kusema na watu ambao yeye hachezi nao.

6. Sasa naangalia nini mazoezini?

Angalia zile sekunde kumi baada ya kufungwa goli. Hapo hakuna anayeigiza. Utaona mmoja anageuka kumtukana kipa, mwingine ananyoosha mikono kwa refa, wengi wanaangalia chini. Alafu utaona mmoja anaenda ndani ya nyavu kuchukua mpira. Niliwahi kuwa na beki wa kulia, mtoto anatembea karibu saa nzima kuja shule, haongei sana, kila tukifungwa anakimbia mpaka golini, anamgusa kipa kichwani, anasema "twende, bado", anaupakata mpira kwapani anaenda nao kati. Kila mara. Wala hakuna aliyemtuma. Mimi nilichelewa kumuona kwa sababu macho yangu yalikuwa mbele na washambuliaji, wenzake walikuwa wameshamuona zamani.

Kitu cha pili, angalia wanamwangalia nani. Ukipuliza filimbi ukasema "jipangeni wenyewe" ukakaa kimya, kuna kichwa kimoja ambacho wengine wanakigeukia. Huyo ni nahodha tayari, awe na kitambaa asiwe nacho. Sasa kazi yako ni kujua anawapeleka wapi, maana kuna anayegeukiwa kwa sababu ni mwema na kuna anayegeukiwa kwa sababu anaogopwa.

Cha tatu, mwisho wa mazoezi. Nani anabaki kuokota koni? Nani anamsubiri yule anayefunga kamba za viatu polepole ili watembee wote mpaka barabarani?

7. Mtoto mkimya anaweza kuwa nahodha?

Anaweza, na yule beki wa swali la 6 ni mfano. Ukimya sio tatizo, tatizo ni asiyeweza kusema hata pale inapobidi. Mpime: mpe kazi ndogo ya kuwaambia wenzake jambo wasilolipenda, mfano mazoezi ya kesho yameletwa saa kumi na mbili asubuhi. Akirudi na jibu, hata kama alisema kwa sauti ya chini, anaweza. Akikwepa akaomba uwaambie wewe, bado kidogo.

8. Kipa je?

Hakuna kinachomzuia. Manahodha wanne waliobeba Kombe la Dunia walikuwa makipa: Combi wa Italia 1934, Zoff wa Italia 1982, Casillas wa Hispania 2010 na Lloris wa Ufaransa 2018. Ugumu wake ni kwamba yuko mbali na refa. Kwenye mashindano yanayofuata utaratibu wa nahodha peke yake kumfuata refa, kipa akiwa nahodha mnataja mchezaji mmoja asiye kipa ambaye ndiye atakayeongea na refa. Mpange kabla, msipangane mbele ya refa.

9. Darasani anafeli, apewe?

Mimi namba za darasani siziweki kama geti, lakini naziangalia. Mtoto anayepata alama za chini ila anaingia kila kipindi na anajitahidi, simnyimi, kwa wengine timu ndio kitu pekee shuleni kinachowaambia kwamba wanaweza. Mtoro ni habari nyingine. Anayeruka vipindi alafu saa kumi jioni anatokea uwanjani amevaa jezi hawezi kuwa nahodha, kwa sababu wadogo watajifunza hilo hilo, na walimu wenzako watakuwa na haki ya kuichukia timu nzima.

10. Kidato cha nne achaguliwe au tumuache na mtihani?

Mtihani wa taifa uko Novemba. Kwahiyo kidato cha nne anaweza kushika mpaka msimu wa UMISSETA uishe katikati ya mwaka, alafu anakabidhi kwa msaidizi wake ambaye ni wa kidato cha tatu. Hii ndio sababu msaidizi asiwe wa kidato kilekile, ukichagua wote wawili wa kidato cha nne, Julai unaanza upya. Kidato cha pili nao wana upimaji wao wa taifa Novemba hiyo hiyo, usisahau.

11. Timu ya wasichana vigezo ni tofauti?

Vigezo ni vilevile. Mazingira ndio tofauti na yanataka akili kidogo. Msichana wa shule ya kutwa akirudi nyumbani saa moja usiku kwa sababu ya mazoezi, nyumbani kuna maswali, na nahodha ndiye anayebaki wa mwisho siku zote, kwahiyo ongea na mzazi kabla hujamtangaza, na mazoezi yaishe mapema kweli, sio kwa maneno. Pia awepo mwalimu wa kike ambaye nahodha anaweza kumwendea na mambo ambayo hawezi kumwambia mwalimu wa kiume, awe matroni au mwalimu yeyote wanayemwamini. Nahodha wa netiboli niliyewahi kuwa naye alikuwa ananiambia tu "mwalimu, GA leo apumzike" (GA ni mmoja wa wafungaji wawili wa netiboli), nami siulizi swali la pili.

## Namna ya kuchagua

12. Wanafunzi wapige kura au mwalimu ateue?

Vyote viwili, kwa mpangilio. Mwalimu akiteua peke yake watasema ni mtoto wa mwalimu. Kura peke yake nayo inampa ushindi mwenye marafiki wengi, au mwenye pipi siku hiyo.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nachukua daftari, nakata kurasa vipande vinne, kila mchezaji anapata kipande na kalamu, wanakaa mbalimbali uwanjani wasichunguliane. Siwaulizi "nani awe nahodha", nawauliza: tumefungwa mbili bila, zimebaki dakika kumi, andika majina mawili ya watu ambao unataka wawe uwanjani na wewe, na jina lako usiliandike. Na chini andika kwanini, hata neno moja. Kwa namna hiyo watoto hawaandiki rafiki, wanaandika mtu wanayemtegemea. Zile sababu ndio dhahabu yenyewe, utasoma "hakati tamaa", "alinipa nauli", "hanicheki nikikosea", vitu ambavyo wewe umesimama na filimbi shingoni mwaka mzima hujaviona.

Kuhesabu tunahesabu wawili, mimi na mwalimu mwingine. Wale watatu wa juu kila mmoja anaongoza timu wiki moja, anapasha misuli, anapanga mazoezi mepesi, anazungumza kabla ya mechi ya kirafiki. Baada ya wiki tatu nakaa na mwalimu mwenzangu tunaamua, natangaza na sababu nazitaja. Idadi ya kura sitangazi, mtoto aliyepata kura mbili hana haja ya kuishi nazo mpaka kidato cha nne.

Kunyoosha mikono usifanye kabisa. Wanaangaliana nani kanyoosha kwa nani na ugomvi unahamia darasani.

Na kama umeshaamua moyoni, usiwapigishe kura. Teua, waambie umeteua na kwanini. Watoto wanasamehe mwalimu aliyeteua, ila mwalimu aliyewapigisha kura alafu akaitupa hawamsahau.

13. Wamemchagua mtukutu wa shule, nifanyeje?

Kwanza soma zile sababu walizoandika. Kama zinasema anawatetea, anawapa moyo, basi mtoto ana kitu, mpe zile wiki tatu umuone. Nimeshaona mtukutu amebadilika kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mzima alimkabidhi kitu cha thamani. Kama sababu zimekaa kimya au zote zinafanana neno kwa neno, kuna vitisho hapo, hiyo kura usiifuate na waambie wazi kwamba matokeo hukuyakubali.

14. Kura zimegawanyika kwa mabweni, au watoto wa mtaa mmoja wanamchagua wa kwao.

Ndio maana tunaandika majina mawili. Jina la kwanza mara nyingi ni la bweni, la pili ndio la moyoni. Hesabu majina ya pili peke yake uone nani anatokea kwenye pande zote. Mtu ambaye ni wa pili kwa kila mtu mara nyingi anafaa kuliko aliye wa kwanza kwa nusu na adui kwa nusu nyingine.

15. Mkuu wa shule, au mfadhili wa jezi, anataka mtoto fulani awe nahodha.

Hili linatokea na sio rahisi, najua. Usibishane kwa maneno, nenda na karatasi. Ukiwa na utaratibu ulioandikwa tangu Januari na mkuu mwenyewe ameuona, unaweza kumwambia kwa heshima kwamba huyo mtoto anakaribishwa kwenye utaratibu huo. Mara nyingi wanaelewa. Ukianza kueleza utaratibu siku ile wamekuja na jina, umeshachelewa. Kwa mzazi anayelalamika mwanae hakuchaguliwa jibu ni hilohilo, ila mkaribishe aje siku moja aangalie mazoezi, dakika arobaini uwanjani zinamaliza maneno mengi.

## Akishachaguliwa

16. Nimfundishe nini nahodha mpya?

Usimkabidhi kitambaa ukaondoka. Nakaa naye siku tatu za kwanza nusu saa kila siku.

Cha kwanza ni kuongea na refa. Mfanyishe mazoezi kabisa, wewe uwe refa: anakuja akitembea sio akikimbia, mikono chini, anauliza swali moja fupi, anapokea jibu anarudi. Michezo mingine ina mambo yake. Kwenye wavu, nahodha aliye uwanjani ndiye anayeruhusiwa kuongea na mwamuzi, na ni mpira ukiwa umekufa, tena ana mstari mdogo chini ya namba kifuani. Libero, yule mchezaji wa ulinzi tu anayevaa jezi ya rangi tofauti, nae siku hizi anaruhusiwa kuwa nahodha, kanuni zilibadilika kuanzia 2021, kuna walimu bado wanabishana juu ya hili. Kwenye netiboli nahodha anaomba ufafanuzi wa kanuni wakati wa mapumziko ya robo au mechi ikiisha, sio GS, yule mfungaji mkuu, kupiga kelele kutoka kwenye duara.

Cha pili ni daftari la timu. Daftari la kawaida tu la kaunta, anaandika waliohudhuria, majeruhi, vifaa vilivyotoka na kurudi. Dakika tano kwa siku.

Cha tatu, mfundishe kusema na mwenzake aliyekosea. Pembeni, kwa jina lake, kitu kimoja, alafu yaishe. Wengi wanaiga wanachokiona kwa makocha wakubwa, kupiga kelele mbele ya watu, na wengine wanakiona kwetu sisi walimu.

17. Anaruhusiwa kuwapa wenzake adhabu?

Hapana. Asichape, asipigishe magoti, asimfukuze mtu mazoezini. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeweka mamlaka hayo kwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mwanafunzi hayumo popote. Ukimwachia nahodha fimbo umemharibu yeye na umewaumiza wengine, na siku mtoto akivunjwa kidole wewe ndiye utakayejibu. Anachoweza kufanya ni kuandika kwenye daftari na kukuletea taarifa, alafu uamuzi ni wako.

18. Akusanye michango ya nauli?

Bora mwalimu akusanye. Hela ikipungua elfu mbili mtoto ataitwa mwizi mpaka anamaliza shule, na hela za mikononi mwa watoto huwa zinapungua. Kama hamna namna, wawe wawili na kila senti iandikwe mbele ya aliyetoa.

## Mambo yakiwa magumu

19. Nahodha amebadilika, ana kiburi au amekuwa mtoro. Nimvue?

Ongea naye kwanza, wewe na yeye, na usiende na "umekuwa na kiburi", nenda na vitu: Jumanne hukuja, Alhamisi ulimwambia kipa maneno haya. Muulize kuna nini nyumbani. Mara mbili nimekuta mtoto hana kiburi chochote, ana njaa, au anamuuguza mama yake. Mpe wiki mbili na msaidizi abebe sehemu ya kazi.

Ikishindikana, mvue. Lakini yeye ajue wa kwanza, kutoka mdomoni mwako, siku ambayo hakuna mechi. Alafu ndio timu. Hata wakubwa hili linawauma: Samatta alipokabidhiwa unahodha wa Stars mwaka 2016, aliyekuwa nao, Nadir Haroub Cannavaro, alitangaza kustaafu timu ya taifa. Yule ni mtu mzima, mchezaji wa miaka mingi. Fikiria mtoto wa miaka kumi na tano anayesikia kwenye basi kwamba kitambaa kimehama.

Akishavuliwa mpe nafasi yake uwanjani kama kawaida kama anastahili kucheza. Usimpige mara mbili.

20. Nahodha anataka kuacha mwenyewe.

Msikilize, na akisisitiza mkubalie bila kumfanya aone aibu. Utaratibu wa kuwaambia wenzake ni ule wa swali la 19.

21. Nahodha katoka kwa kadi au kaumia, kitambaa kiende wapi?

Kwa msaidizi, na kama hayupo uwanjani basi kwa mtu wa tatu mliyemtaja kabla ya mechi. Mtaje kila mechi hata kama ni ya kirafiki.

22. Kwenye kombaini ya wilaya au mkoa watoto hawajuani, nahodha anapatikanaje?

Hapa wiki sita za swali la 4 hamna, mna kambi ya siku chache na manahodha kumi na kitu kutoka shule tofauti, kila mmoja kwao ni mkubwa. Usichague siku ya kwanza, utachagua mwenye sauti au anayetoka shule ya kocha. Siku mbili za mwanzo angalia vitu vidogo vya kambini: kwenye foleni ya chakula nani anampisha mdogo, usiku nani anawanyamazisha wenzake wakalala, nani amekaa na yule aliyetoka wilaya ya mbali hana rafiki. Siku ya tatu piga ile kura ya majina mawili, ila jina moja lazima liwe la mtu wa shule nyingine. Hilo sharti moja linabadilisha kila kitu.

23. Mimi ni mwanafunzi, nilitaka sana unahodha na sikuchaguliwa.

Pole, na ninamaanisha, najua ulishajiona nao. Mwendee mwalimu wako siku ambayo hasira imepungua umuulize nini kilikosekana, una haki ya kujua. Alafu kuna mambo ambayo hayahitaji kitambaa: mpira wa swali la 6 ndani ya nyavu uko pale kwa yeyote, na kidato cha kwanza wanahitaji mtu wa kuwaonyesha njia kila Januari.

24. Nahodha akimaliza shule, kukabidhi kunafanyikaje?

Mbele ya timu, uwanjani, dakika kumi zinatosha. Anamvalisha mpya kitambaa yeye mwenyewe, sio mwalimu, na anampa daftari la timu. Kabla hajalitoa namuomba aandike ukurasa mmoja kwa anayefuata, chochote anachoona mwenzake atahitaji. La kwetu sasa lina kurasa tano za hivyo. Yule beki wa kulia aliandika mistari minne tu: pampu inavuja ishike kwa kidole, jezi namba saba inachanika begani usiivute, kipa anaogopa mipira ya kona msogelee, na wale wawili wanaotoka ng'ambo ya mto mvua ikinyesha waruhusu mapema.